Kilomita kwa Uniti: Gari la Umeme Kati ya Lodwar na Kakuma

Mtu wa Lodwar akiona gari la umeme huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza bei: litafika Kakuma na kurudi? Ana haki ya kuuliza. Kati ya miji hii miwili kuna kilomita 120 hivi za barabara kuu ya A1, na sehemu kubwa ya njia ni vichaka vya mathenge, mchanga na mbuzi. Mwenye Probox akiishiwa na petroli atamtuma boda boda alete jerikeni. Umeme haubebwi kwa jerikeni.

Muuzaji naye huwa na jibu tayari: kilomita mia nne, bila wasiwasi. Namba hiyo hakuitunga. Nissan Leaf ya betri ya kWh 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ilitangazwa huko kuwa inatembea kilomita 400 kwa chaji moja kwa kipimo cha Kijapani kilichoitwa JC08. Kilipokuja kipimo kipya cha WLTC, gari hilohilo likapewa kilomita 322. Wamarekani walilipima kwa utaratibu wao wakapata maili 151, sawa na kilomita 243. Betri ni ileile, majibu ni matatu, na hakuna aliyedanganya. Kila kipimo kina mwendo wake na vituo vyake, na vyote huzaliwa maabarani, gari likiwa limepandishwa juu ya magurudumu ya mashine. Humo ndani hakuna laga, ile mito ya msimu isiyo na maji, na upepo wa Turkana haujawahi kubisha hodi.

Kwa hiyo anayetaka jibu la Lodwar itabidi alipime Lodwar. Kazi yenyewe si ngumu. Inahitaji daftari, kalamu, na kujua ni kitu gani hasa kinachopimwa.

Uniti ndiyo lita yako

Kilowati-saa, inayoandikwa kWh, ndiyo ile uniti unayoinunua kwa tokeni za stima. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kuzimika imekula uniti moja. Betri ya kWh 40 ni chombo cha uniti 40, ingawa gari huzuia kidogo zisitumike zote, ili betri isikauke kabisa.

Ufanisi wa nishati ni umbali unaoupata kwa kila uniti. Leaf zinazotoka Japani huonyesha namba hiyo kwenye dashibodi kwa alama ya km/kWh. Hata kama skrini nzima imeandikwa Kijapani, na yule mama wa ndani ya gari anaendelea kudai kadi ya ETC kila asubuhi, alama hiyo utaitambua. Ikisoma 7, kila uniti imekupeleka kilomita 7. Unaweza pia kuirudisha kwenye sufuri kabla ya safari, na ukiisahau hatua hiyo utakuwa unasoma wastani wa miezi iliyopita, pengine hata wa mwenye gari aliyekutangulia.

Wengine hupindua hesabu na kuuliza ni uniti ngapi kwa kilomita 100. Mimi napendelea namna hii ya pili. Inajumlishika kwa urahisi, ile ya kwanza ina mtego ambao tutauona baada ya kukutana na upepo.

Upepo una mwelekeo, na barabara pia

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwanda wa chini ulio kama mfereji. Pepo zitokazo kusini-mashariki zikifika hapo hubanwa, nazo huongeza kasi. Wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo mwaka 1982. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya mradi wa Lake Turkana Wind Power ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310.

Sasa tazama ramani. Lodwar kwenda Kakuma barabara inaelekea kaskazini-magharibi. Upepo unatoka kusini-mashariki. Maana yake ukienda unasukumwa, na ukirudi unasukumana nao.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu ukinzani wa hewa haupandi sambamba na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani unapanda mara nne. Na hewa haijali kasi unayoisoma kwenye mshale. Inajali kasi yako dhidi yake. Chukua gari linalokwenda 80 kwa saa na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao kwa watu wa Lodwar si habari. Ukienda, gari linakutana na hewa kwa kasi ya 60. Ukirudi, kwa kasi ya 100. Zidisha 60 kwa 60, kisha 100 kwa 100: unapata 3,600 na 10,000. Ukinzani wa kurudi ni karibu mara tatu ya ule wa kwenda, na mguu wako haujaongeza chochote.

Bila upepo, katika mwendo wa 80, gari la ukubwa wa Leaf hugawa nguvu zake karibu nusu kwa nusu: nusu inapambana na hewa, nusu inapotelea kwenye matairi yanayobonyea barabarani. Ukiongeza hasara ya mota na kiyoyozi cha kiasi, makadirio ya karatasi kwa kilomita 120 za lami huwa hivi:

- Kwenda Kakuma kwa mwendo wa 80, upepo ukiwa nyuma: uniti 12 hivi.
- Kurudi kwa mwendo wa 80, upepo ukiwa mbele: uniti 18 hivi.
- Kurudi kwa mwendo wa 100: karibu uniti 23.
- Kurudi kwa mwendo wa 60: uniti 15 hivi.

Kakuma iko juu ya Lodwar kwa takriban mita 100, na mpando huo nimeuhesabu. Haufiki nusu uniti. Wanaoogopa milima waiweke hofu hiyo kwa safari ya Kitale, ambako kupanda peke yake kunaweza kumeza uniti 5 au 6 kabla hujahesabu hewa na matairi.

Ule mtego ni huu. Kwenda umepata kilomita 10 kwa uniti (120 kwa 12). Kurudi umepata 6.7 (120 kwa 18). Wengi watajumlisha, wagawanye kwa mbili na kupata 8.35. Lakini gari limetembea kilomita 240 kwa uniti 30, na hiyo ni 8 kamili. Uniti moja na kidogo imepotea kwenye hesabu, nayo ni kama kilomita 8 au 9 za mwisho, zile za kusukuma gari. Anayeandika uniti zilizotumika, badala ya kuchanganya wastani na wastani, hanaswi.

Halafu kuna wanaosema upepo hujifuta, kwamba unachokunyang'anya ukirudi ulikupa ukienda. Jumlisha 3,600 na 10,000, gawanya kwa mbili: 6,800. Siku isiyo na upepo ni 80 mara 80, yaani 6,400. Upepo unabaki na deni lako kila safari.

Ahadi ya dashibodi ukiwa Kakuma

Kando ya asilimia ya chaji, gari huonyesha kilomita zilizobaki. Namba hiyo ni utabiri, si kipimo. Kompyuta hutazama ulivyoendesha karibuni na kudhani utaendelea vivyo hivyo. Ni kama mtu aliyeteremka mlima kwa nusu saa akakuahidi kuupanda kwa nusu saa.

Ukifika Kakuma upepo ukiwa mgongoni, kompyuta imejifunza kilomita 10 kwa uniti. Tuseme una Leaf ya zamani ya kWh 24 ambayo umri umeibakishia uniti 16 za kutumia, na umeichaji ikajaa pale mjini. Dashibodi itaandika kilomita 160, na wewe unahitaji 120. Utaondoka ukipiga mluzi. Lakini kurudi kwa mwendo wa 80 kunataka uniti 18, na huna. Ukishuka hadi 60 tangu unapotoka mjini, uniti 15 zitakufikisha, roho ikiwa mkononi, na utachelewa nusu saa tu.

Kwa ufupi: kwenye njia hii kila upande uwe na hesabu yake, na wa kurudi ndio upangwe kwanza.

Kiyoyozi kinahesabu saa

Hapa nitakuwa mfupi. Lodwar hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kumwambia mtu azime kiyoyozi ni kumtania. Kifahamu tu. Hakijui kilomita, kinajua muda. Kikila uniti moja na kidogo kwa saa, katika safari ya saa moja na nusu kwenda Kakuma kitachukua uniti mbili hivi, kiasi kinachovumilika. Ukiwa mjini unazunguka kutoka soko hadi ofisi za kaunti kwa mwendo wa 20, saa hiyohiyo imekupa kilomita 20 tu, na namba ya ufanisi inaanguka vibaya. Dereva akiona hivyo hudhani betri imeharibika. Haijaharibika. Alikaa dakika kumi akimsubiri mtu mbele ya benki, gari likiwa baridi kama friji.

Lami, mchanga na presha

Lami ikiisha, hesabu zote za juu zinabadilika. Kwenye changarawe matairi yanaweza kudai nguvu mara mbili ya lami, na kwenye mchanga wa laga yanadai mara nyingi zaidi. Ukivuka Kawalase pale Lodwar au Tarach kule Kakuma kwa daraja, huoni kitu. Ukilazimika kuteremka mchangani, mita mia chache zinaweza kugharimu kama kilomita kadhaa za lami. Zaidi ya hayo betri ya gari la umeme iko chini ya sakafu, na mawe ya laga hayana adabu.

Madereva wa Turkana wanajua kupunguza upepo wa matairi ili wasizame. Tatizo ni kusahau kuurudisha. Leaf hutaka presha ya 36 hivi, na inapimwa asubuhi kabla ya safari. Tairi lililokimbia kwenye lami ya saa nane mchana limepanda presha kwa joto, na fundi akilipunguza wakati huo, kesho yake alfajiri litakuwa chini ya kiwango. Tairi laini linakula uniti kimyakimya, na mwiba wa mathenge ukiwa umebaki ndani, hewa inavuja polepole kiasi kwamba dereva hulaumu upepo, abiria na betri kabla ya kumwita mtu wa pancha.

Joto: rafiki wa safari, adui wa betri

Watu wa nchi za baridi hulalamika kwamba magari yao ya umeme hupoteza sehemu kubwa ya umbali msimu wa theluji. Betri baridi hutoa umeme kwa shida, na kupasha gari moto kunakula chaji. Lodwar haina shida hiyo. Na kuna zawadi ndogo ambayo wachache huigundua: hewa ya joto ni nyepesi. Katika nyuzi 37 na mwinuko wa mita 500 hivi, hewa ya Lodwar ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na ile ya nyuzi 15 ufuoni mwa bahari. Gari linaipasua kwa urahisi zaidi.

Bei ya zawadi hiyo hulipwa polepole. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, jimbo la Arizona, mji wa jangwani wenye joto la kutisha, walianza kuona vijisanduku vya uwezo wa betri vikipotea kwenye dashibodi. Leaf mpya ina vijisanduku 12. Wao walikuwa wakivipoteza ndani ya miaka miwili hivi. Betri ya Leaf hizo haikuwa na maji ya kuipoza, ilitegemea hewa, na hewa ya Phoenix ilikuwa moto. Nissan iliishia kutoa dhamana ya uwezo: vikishuka chini ya 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000, kampuni inashughulika. Baadaye ikaleta betri yenye kemia inayostahimili joto zaidi.

Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi umri wa miaka minane. Leaf inayoshuka Mombasa imeshaishi sehemu ya maisha yake, na Lodwar itaongeza kasi ya sehemu iliyobaki. Hilo halimaanishi isinunuliwe. Linamaanisha kipimo cha kwanza kabisa katika daftari lako kiwe vijisanduku vya upande wa kulia wa dashibodi. Hivyo ni vya uwezo wa betri kubeba, tofauti na chaji iliyomo. Gari likiwa na vijisanduku 8 na chaji ikasoma asilimia 100, ni asilimia 100 ya chombo kilichopungua.

Likae kivulini. Usiliache limejaa chaji pomoni juani kutwa nzima. Jaza usiku, ondoka asubuhi.

Daftari

Zipo programu za simu zinazosoma kompyuta ya gari kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Kwa Leaf inayojulikana zaidi ni LeafSpy. Ni nzuri, na mpenda namba atafurahi. Lakini daftari la shilingi hamsini linatosha. Kila safari andika:

- Njia na upande: Lodwar–Kakuma si sawa na Kakuma–Lodwar.
- Saa ya kuondoka na ya kufika.
- Kilomita na asilimia ya chaji, mwanzo na mwisho.
- Upepo: nyuma, mbele, ubavuni au kimya. Vumbi la lori lililo mbele yako litakuonyesha.
- Watu na mizigo.
- Uniti zilizoingia ulipochaji.

Safari chache za kila upande zitakuonyesha sura ya njia yako. Usitafute usahihi wa desimali. Tafuta safari mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo utakayoipangia, na uiongezee akiba.

Uniti ulizonunua na uniti ulizotumia

Dashibodi huhesabu umeme uliotoka kwenye betri. Wewe unalipia uliotoka ukutani, na kati ya hapo na pale kuna hasara: chaja hupata joto, waya hupata joto. Kwa chaja ndogo ya nyumbani tegemea asilimia 10 hadi 15 kupotea. Zile uniti 30 za kwenda na kurudi zitasomeka 34 hivi kwenye mita ya tokeni. Funga mita ndogo kwenye soketi ya gari, la sivyo utaipa lawama friji.

Swali linalofuata ni umeme wenyewe unatoka wapi. Turkana ina historia ya kuudhi hapa. Bwawa la Turkwel, la megawati 106, lilianza kazi mwaka 1991, na nyaya zake zikaelekea Lessos, upande wa Eldoret. Umeme wa upepo wa ng'ambo ya ziwa ukajengewa laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa mwaka 2018. Kwa miaka yote hiyo Lodwar ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli na jua kidogo.

Je, gari la umeme linalochajiwa na dizeli lina maana? Tufanye hesabu. Jenereta zuri hutoa kama uniti 3.5 kwa lita, hivyo uniti 34 ni karibu lita 10 za dizeli. Probox inayokwenda kilomita 15 kwa lita itachoma lita 16 za petroli kwa kilomita 240. Gari la umeme bado linashinda, ila si kwa kishindo wanachokitangaza wauzaji. Likichajiwa na jua, ndipo kishindo kinapokuja. Pikipiki ya umeme, inayotembea kilomita 25 au zaidi kwa uniti, hesabu yake ni nyepesi zaidi, na kwa safari fupi za kati ya Kakuma mjini, kambi ya wakimbizi na makazi ya Kalobeyei naona ndiyo itakayotangulia magari.

Kupanga siku moja

Mkondo wa upepo wa Turkana kwa kawaida huwa na nguvu zaidi usiku hadi asubuhi, kisha hulegea mchana. Kwa anayekwenda Kakuma na kurudi siku hiyohiyo, huo ni mpango uliokwisha kuandikwa. Ondoka Lodwar saa kumi na moja na nusu alfajiri: upepo uko nyuma, kiyoyozi hakihitajiki, mbuzi bado wamelala. Ukifika, chomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Itaingiza kama uniti mbili kwa saa, hivyo uniti 12 zitarudi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, muda uleule ambao paneli za jua zinatoa zaidi ya kinachotumiwa. Safari ya kurudi ianze saa kumi alasiri, kwa mwendo wa 70, kiyoyozi kikiwaka. Ukifika Lodwar andika asilimia iliyobaki kabla ya kuzima gari, kwa sababu ukishashuka na mizigo utaisahau.